Hodi ya Fisi Chini ya Jiwe Kofia

Ngano, ngano!

— Ipakue ingali moto!

Sauti gani hiyo? Mmekula uji wa jana? Ngano, ngano!

— Ipakue ingali moto!

Hapo sawa. Kaeni vizuri, na wewe wa nyuma acha kumfinya mwenzako. Ngano hii wapo wengine wanaoisimulia, lakini wanaisimulia kama mtu anayetafuna mchanga. Shule niliiacha mapema, tuligombana, na mpaka leo haijaja kuniomba radhi. Lakini kwa ngano, mwenye cheti na aje tushindane. Haya, palikuwa na nini?

— Tuambie wewe!

Palikuwa na mawe mawili.

Moja liliitwa Jiwe Mgongo. La pili liliitwa Jiwe Kofia, kwa sababu juu yake lilikaa jiwe jingine dogo, limeinama upande kama kofia ya mtu anayekwenda kuposa. Katikati ya mawe hayo kulikuwa na mbuga. Mbuga tupu, jua, vumbi, na majani mafupi yasiyoweza kumficha hata panzi mwenye aibu. Na pimbi, mnamjua, si mnyama wa mbuga. Juu ya jiwe pimbi ni mfalme. Chini ya jiwe ni kitoweo.

Kwenye Jiwe Mgongo aliishi Mama Limi na watoto wake watatu. Wa kwanza ni huyo Limi, binti mwenye akili nyingi na kucha kali za kuwafinyia wadogo zake. Wa pili Bundala, ambaye njaa yake ilizaliwa kabla yake. Wa mwisho alipewa jina zuri la babu yake, lakini jina lenyewe lilishasahaulika, maana kila alipofungua mdomo alianza na neno lile lile. Wakamwita Kwani.

"Kwani jua linalala wapi?"

"Kwani tembo anajikunaje mgongo?"

"Kwani Mama, ulipokuwa mdogo mimi nilikuwa nani?"

"Nyamaza, Kwani," alisema Mama Limi. Asubuhi nyamaza Kwani, mchana nyamaza Kwani, na usingizini pia mdomo wake ulikuwa ukisema nyamaza, Kwani.

Huko Jiwe Kofia aliishi mama mzazi wa Mama Limi, Bibi Nyamizi, pamoja na mdogo wake Mama Limi, aitwaye Kabula. Siku moja Kabula alimtuma njiwa na maneno haya: "Dada, macho ya mama yanazima. Mtu akimjia anamwona kama moshi. Kila siku ananiuliza wajukuu wa Jiwe Mgongo wanafanana na nani. Nimjibu nini, na mimi sijawaona? Walete, angali anaona."

Njiwa akaruka, prrr, akaenda zake. Mama Limi akabaki na yale maneno. Akiyapeleka huku, yanarudi. Tangu azae hajavuka mbuga, na kila mwaka alisema mwakani, watoto wakikua kidogo. Watoto walikua, akaongeza mwaka mwingine. Sasa akaona kwamba woga wake una kesho nyingi, ila macho ya mama yake hayana.

Asubuhi akafunga majani mabichi ya mkunde kwa ukamba wa mti, maana haiendwi kwa mzazi mikono mitupu. Akawapanga watoto mstari. "Twende kwa Bibi."

Tup, tup, tup, wakashuka jiwe. Hata kivuli cha jiwe hawajakimaliza, Bundala akasema, "Mama, tumefika?"

"Bado."

"Mama, nina njaa."

"Bado."

"Mama, Limi ananitazama!"

"Kwani Mama, Bibi akitutazama macho yataisha haraka zaidi?"

Mama Limi alitaka kusema nyamaza, Kwani, lakini swali lile lilimwingia mahali. Akatembea nalo. Tup, tup, tup.

Na hapo, katikati ya mbuga, mawe yote mawili yakiwa mbali, madogo kama viazi, nani akainuka kwenye majani?

— Fisi!

Fisi! Lakini huyo hakuwa fisi mnayemjua leo. Mgongo wake ulikuwa umenyooka kama ubao, nyuma sawa na mbele. Mwili mkubwa, taya za kuvunjia mifupa, na mate yanadondoka: do, do, do.

Mama Limi akahesabu moyoni. Kukimbia? Miguu ya pimbi ni ya jiwe. Kupigana? Kwa meno gani? Kulia? Fisi akisikia kilio anakuja na jamaa zake. Kilichobaki kilikuwa ulimi. Na miaka yote amewafundisha watoto kwamba uongo ni kitu kibaya. Akawatazama wanawe mstari mzima, akaamua watamwelewa wakiwa wakubwa, kama watakuwa wakubwa.

Kabla Fisi hajasema neno, yeye akapiga kigelegele.

"Lililililili! Shemeji yangu! Ndiyo wewe! Waliniambia mchumba wa Kabula atakuja kutupokea njiani, nikasema labda mtu wa maneno tu. Kumbe umekuja! Macho yangu na vumbi hili sioni vizuri, lakini nimekujua kwa umbo. Walisema jamaa mkubwa, wa madoadoa, mgongo umenyooka."

Fisi mdomo wazi. Aliufungua ili ale, sasa ukabaki wazi kwa mshangao.

"Mchumba wa nani?"

"Wa Kabula, mdogo wangu! Unajifanya humjui? Eti unaona haya! Yule mnene, mashavu haya, mapaja haya. Ukoo mzima umekusanyika Jiwe Kofia. Wajomba wameshiba, mashangazi wamenona, wanakusubiri washuke wakupokee."

Fisi akameza mate, gudu. Akamtazama Mama Limi, akawaza: mjinga huyu, jua limempiga. Nikimla sasa na vitoto vyake, ni vitafunwa. Nikijifanya shemeji, ukoo mzima utanishukia wenyewe, wamenona, wanapiga vigelegele.

Sasa nawaambia jambo, na hili darasani hamlipati: hakuna mtu rahisi kudanganywa kama yule anayejiona yeye ndiye anayedanganya.

"Aa, ndiye mimi," akasema Fisi kwa sauti laini, sauti ambayo koo lake halikuwahi kuitoa. "Shemeji, hamjambo huko? Poleni na safari."

"Tumeshapoa kwa kukuona. Watoto, msalimieni Baba Mdogo."

"Shikamoo, Baba Mdogo," akasema Limi. Alimtazama mama yake mara moja tu, na ile mara moja ikamtosha.

"Shikamoo, Baba Mdogo, una chakula?" akasema Bundala.

Kwani yeye alinyamaza. Alikuwa anatazama mate.

"Marahaba, marahaba," akasema Fisi, akainama kumnusa Bundala. Akanusa kwa muda mrefu kuliko inavyonuswa salamu.

"Umefanya vizuri kuinama, shemeji," Mama Limi akasema haraka. "Mkwe mtarajiwa huwabeba watoto wa nyumba mgongoni mpaka kwa wakwe. Wakimwona amewatembeza kwa miguu, uchumba umevunjika."

"Ndiyo mila?"

"Ndiyo mila, shemeji."

Fisi angefanya nini? Akikataa mila atajulikana. Watoto wakapanda. Limi akakaa, Bundala akakaa, Kwani akakaa, na mgongo ulivyonyooka na kuteleza, wote wakaserereka mpaka nyuma kabisa, juu ya kiuno, wakarundikana pale kama mzigo wa kuni. Mama Limi akaongeza na lile fungu la mkunde.

Wakaenda. Kwata, kwata, kwata.

"Baba Mdogo, tumefika?"

"Bado," akasema Fisi.

"Baba Mdogo, unatikisika."

"Baba Mdogo, Bundala amenipiga teke."

"Baba Mdogo, tumefika sasa?"

Wakafika kwenye kikorongo. Upepo ukavuma, ukaleta harufu. Fisi akasimama ghafla. Mbele yao, kando ya njia, alilala swala aliyekufa jana, tumbo limevimba, nzi wanaimba zzzzz. Nyama ya bure! Miguu ya Fisi ikaanza kwenda yenyewe. Mama Limi akaona taya zinatetemeka, akajua: huyu akionja kidogo, uso wa ushemeji utamdondoka, ataendelea na vilivyo mgongoni.

"Shemeji, nakuonea huruma kweli," akasema, "maana mkwe haendi ukweni tumbo limejaa. Mama mkwe ataweka mkono wake tumboni mwako. Akikuta limejaa atasema, kumbe umedharau chakula changu, umekula barabarani. Na ukoo wote utarudi juu ya jiwe."

"Hata ini tu?"

"Hata mkia."

"Ndiyo mila?"

"Ndiyo mila, shemeji."

Fisi akamtazama swala. Akatazama Jiwe Kofia, ambalo sasa lilikuwa kubwa kama nyumba. Akawaza mashavu ya Kabula. Akafumba jicho moja, akapita. Jicho la pili lilibaki kwa swala mpaka shingo ikauma. Wamekufa fisi wangapi kwa kula, lakini huyo ndiye wa kwanza kuacha nyama mkononi kwa ajili ya nyama ya jiwe la mbele.

Njia ikaingia kwenye vichaka vya miiba. Fisi akapita polepole, anaweka mguu hapa, anauinua pale, mwiba unamchoma anasema mss, lakini mgongo hautikisi. Bundala alikuwa amelala, mdomo wazi, ameegemea kiuno cha Fisi kama mto. Mama Limi aliyekuwa akitembea ubavuni akaliona hilo. Hakutaka kuliona. Akageuza uso, macho yenyewe yakarudi.

"Shemeji," Fisi akasema ghafla, kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto, "mimi sijawahi kuitwa na mtu Baba Mdogo."

"Eh?"

"Wakiniona wanakimbia. Hata wasipokimbia hawaniiti kitu."

Mama Limi akazidi kutazama njia. Alikuwa amejiandaa kwa meno, hakujiandaa kwa hilo. Na ndipo Kwani, aliyekaa kimya tangu kikorongoni, akafungua mdomo.

"Kwani Mama, Mama Mdogo Kabula si ana mume?"

Kwata, kwata... kimya. Fisi akasimama. Masikio yake yakasimama.

"Ana mume?" akauliza Fisi. Sauti laini ilikuwa imekwisha.

Mama Limi akatupa kichwa nyuma. Akacheka. Alicheka kicheko kirefu, na ndani ya kile kicheko alikuwa anatafuta pa kutokea.

"Alikuwa naye, mtoto wa watu! Kijitu chembamba, hata mvua ikinyesha hakiloani. Ukoo ukakaa, ukasema hapana, safari hii tunataka mwanamume wa maana. Mkubwa. Wa madoadoa. Ndiyo maana umetafutwa wewe."

Fisi akafikiri. Kusema kweli lilikuwa jibu bovu, hata mimi ningeuliza mara ya pili. Lakini sifa ni mafuta, hata lango lenye kutu hulainika. "Wa maana," akarudia Fisi. "Mkubwa." Akaanza kutembea.

Limi akamfinya Kwani paja. Kwani akapiga kelele, akajikojolea. Chororororo, ikashuka kwenye ubavu wa Fisi mpaka kwenye kisigino.

"Shemeji!" Fisi akalia. "Na hii nayo ni mila?"

"Hiyo ni baraka, shemeji."

Jua likaanza kuinama. Kiuno cha Fisi kilianza kushuka kwa ule mzigo wa nyuma, kikashuka, kikashuka, asijue. Njaa ilimkaza tumbo likagusana na mgongo. Na hapo Jiwe Kofia likawa mbele yao, jekundu, refu, laini pembeni kama shavu. Juu kabisa vichwa vidogo vikachungulia, kimoja, viwili, vingi. Fisi akaviona. Ushemeji wote ukamtoka kwa mkupuo. Taya zikafunguka, shingo ikageukia nyuma, kule waliko watoto.

Mama Limi hakuwa na mila nyingine. Alitafuta, hakuna. Ulimi ulikuwa umekauka kama ganda. Alijiona amewaleta wanawe njia yote hiyo ili wafie chini ya macho ya bibi yao.

"Kwani Baba Mdogo," Kwani akasema, pua yake na pua ya Fisi zikikaribia kugusana, "wewe utatula?"

Aliuliza kama anavyouliza jua linalala wapi. Hakuogopa. Alitaka kujua tu.

Fisi akabaki na mdomo wazi. Swali kama hilo hajawahi kuulizwa, maana wanaoweza kumwuliza huwa wameshakimbia, au wameshaliwa. Na juu kule ukoo mzima unasikiliza! Akisema ndiyo, atapata watatu na mama yao, wengine watabaki juu.

"Mimi? Niwale watoto wa shemeji? Aka! Nani kasema?"

"Mate yako yanatudondokea."

"Ni... ni machozi. Ya furaha. Yamekosea njia."

"Kwani mtu mzima analia mbele ya wakwe?"

Basi hapo Mama Limi akapata mlango. Mtoto alikuwa ameufungua bila kujua kwamba ni mlango.

"Mtoto kasema kweli, shemeji! Mkwe haonekani na machozi. Na mama mkwe hatazamwi usoni. Geuka, lipe jiwe mgongo. Fumba macho. Sisi tupande tumwambie umefika. Wewe piga hodi, na usigeuke mpaka usikie karibu. Ukisikia karibu, ujue wote wameshashuka, wako nyuma yako."

"Wote?"

"Wote."

"Ndiyo mila?"

Mama Limi akainua macho kule juu kwa mama yake. Hii, kati ya zote alizosema tangu asubuhi, ndiyo peke yake aliyofundishwa na mama yake: ukifika kwa watu piga hodi, usiingie mpaka ukaribishwe.

"Hiyo ndiyo mila kweli," akasema.

Fisi akageuka. Akafumba macho, akayakaza. Watoto wakateleza kutoka kiunoni, tup, tup, tup, wakalirukia jiwe. Mama Limi akawa wa mwisho, na fungu lake la mkunde. Nyayo za pimbi hushika jiwe kama ulimi unavyoshika asali; wakapanda, wakapanda, mpaka chini ya ile kofia.

Bibi Nyamizi alikuwa amekaa, uso umeelekea kwenye mlio wa nyayo. Akawavuta mmoja mmoja, akawasogeza karibu kabisa na macho yake, pua kwa pua. "Huyu ana paji la baba yenu. Huyu," akamgusa Bundala tumbo, "huyu ni ndugu yangu Mabula mtupu, alikula hata kamba. Na huyu?"

"Kwani Bibi, unaniona?"

Bibi akacheka mpaka ule moshi wa machoni ukawa maji. "Nakuona. Wewe ni mimi."

Ndipo kutoka chini ikapanda sauti.

"Hooooo-di!"

Bibi Nyamizi akainua kichwa. Katika maisha yake yote hakuna hodi iliyopigwa chini ya jiwe lake ikakosa jibu. Hata adui, alikuwa akisema, mjibu kwanza, mgombane baadaye. Akavuta pumzi ili aseme lile neno. Mama Limi akaweka mkono wake juu ya mdomo wa mama yake mzazi. Jambo hilo hakuwahi kulifanya, wala hakuwahi kuliona likifanywa.

"Hooooo-di!"

"Ni nani huyo?" Bibi akauliza chini ya mkono.

"Aliyetuleta, mama."

"Amewaleta, na hakaribishwi?"

"Mama, ni fisi."

Bibi akaishusha ile pumzi. Chini, Fisi alichoka kungoja, akafumbua jicho moja, akageuka. Jiwe tupu. Akarukia, kwaru, kwaru, kucha zikateleza, bwi! Akarukia tena. Bwi! Akajaribu kujinyoosha, kiuno kikakataa. Kilikuwa kimekwisha kushuka, mbele juu, nyuma chini, kama mnavyomwona leo. Akakaa. Halafu, badala ya kutukana, akalipa jiwe mgongo tena, akafumba macho, akaanza upya.

"Hooooo-di!"

"Kwani Mama," Kwani akanong'ona, "si ulisema hodi hujibiwa?"

Mama Limi alikuwa na lile neno mdomoni, nyamaza, Kwani. Akalimeza. Alifikiria vichaka vya miiba. Njia yote ile, na mwiba ukimchoma kila hatua, hakumdondosha hata mmoja. Akafikiria taya zilivyofunguka.

"Hujibiwa, mwanangu. Na mimi nitamjibu. Siku atakayokuja ameshiba."

Na fisi, mnamjua, mpaka leo hajashiba. Giza likiingia, mkisikia huko mbugani ile sauti inayoanzia chini ikapanda juu, hooooo-wi! msiseme analia. Anapiga hodi. Anapita jiwe hadi jiwe, kiuno chini, hajui tena ni lipi la wakwe, na juu kule kila jioni kuna mama mmoja wa kipimbi anayeacha kula ili asikilize.

Haya, mafunzo, msije mkasema nimewalia jioni yenu bure. La kwanza: mtoto safarini asiulize maswali, anawachosha wakubwa. La pili: uongo haumfikishi mtu popote. La tatu: hodi ijibiwe daima, mgeni awe nani. Mmeelewa? Unacheka nini wewe wa nyuma? Kawafundishe na wengine.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe mgongoni, ila achunge kiuno!

— Tumeibeba!